Mwitikiaji wa Apolline

Apolline hakuwahi kusimulia hadithi peke yake, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakujua kwamba kuna watu wanaofanya hivyo. Kwao, kwenye vilima vilivyo juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo, hadithi ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anasema, mwingine anaitikia. Anayesema akishatoa maneno machache hunyamaza kidogo, na mwitikiaji huingia hapo: "ehe," "kweli," "kisha?" Au anauliza swali. Au anabisha kwamba mto ule haukuwa mkubwa kiasi hicho. Wengine wote wananyamaza, wakubwa kwa wadogo, maana kuitikia si kupiga kelele tu. Mwitikiaji lazima awe mtu aliyeisikia hadithi mpaka ikamkaa mwilini.

Wa kwanza kumwitikia alikuwa dada yake mkubwa. Kisha akaja Kalume, mkulima wa mihogo, mtu mrefu mwenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo, na Kalume akaichukua kazi hiyo bila kuulizwa. Kusema kweli aliichukua hata kabla ya ndoa. Alikuwa akija kumtembelea mchumba wake anakaa karibu na mlango kwa adabu zote mbele ya wakwe, lakini Apolline akianza tu hadithi, adabu zinamtoka na anaanza kubisha. Mama mkwe alisema kijana huyu ama ana dharau, ama anampenda binti yetu kupita kiasi. Apolline mwenyewe husema alikuwa na vyote viwili, na kwamba aliolewa naye kwa hilo.

Vita vilipofika kwao mwaka 1996, walishuka mpaka ziwani wakavuka kwenda Tanzania, binti yao Yvette akiwa mtoto mchanga mgongoni. Walikaa kambini upande wa Kigoma wakingoja kurudi, na kurudi kukawa hakuna. Kisha Kalume akasikia kwamba Uganda mkimbizi hupewa ardhi alime. Kwa mtu asiyeweza kutulia bila jembe mkononi, habari hiyo ilitosha. Wakavuka mpaka pale Kikagate mwanzoni mwa mwaka 2001 na kufika kambi ya Nakivale wakiwa na sufuria, blanketi na Biblia iliyokosa jalada. Hawakuwa na kitu, lakini hakuna aliyebaki njiani, na hilo Apolline hulitaja kwa Mungu kila anapofumba macho kusali.

Mapokezi yalikuwa na utaratibu wake. Kila mtu alihojiwa peke yake, mume kando na mke kando, na mkalimani aliwaeleza watu wakiwa bado kwenye foleni kwamba anayemtia mwenzake maneno kinywani anamharibia. Mwenye kuhoji atadhani habari imepangwa nyumbani. Apolline akaingia, akaketi, akaulizwa ni nini kilichowatoa kwao. Akasema maneno machache, akanyamaza, akangoja. Mhoji naye akangoja. Mkalimani akangoja. Wakakaa wakitazamana hivyo mpaka mhoji, aliyekuwa mtu mwema, akadhani mama huyu amezidiwa na huzuni, akampa maji ya kunywa na kumwambia arudi kesho. Huzuni ilikuwapo, hakuna ubishi, lakini si hiyo iliyomfunga mdomo. Alikuwa akimngoja mtu wa kusema "kisha?"

Jioni ile Kalume alicheka mpaka akajishika mbavu. Alipoona mkewe hacheki, akaacha, akamsogelea.

"Kesho uingie na miye mu kichwa," akamwambia. "Sema kidogo, kisha uningoje. Nitaitika mule ndani, weye utanisikia."

Kesho yake Apolline akasema kidogo, akangoja, akatikisa kichwa kama aliyejibiwa, akaendelea, akangoja tena, mpaka habari yote ikaisha. Mhoji alimtazama kwa jicho la mashaka mara moja au mbili, lakini aliandika kila kitu. Wakapewa kiwanja upande wa Rubondo na shamba la kulima. Tangu siku hiyo Apolline akajua kwamba popote atakapokwenda, sauti ya mumewe ameibeba, na akajiona mtu tajiri.

Maisha ya Nakivale yaliwapokea kwa jasho, kama wanavyopokewa wote. Walilima mahindi na maharage, wakajenga nyumba ya udongo, wakabishana na nyani juu ya mahindi hayo. Jumapili baada ya kanisa, jua likishapungua ukali, watu walianza kukusanyika uwanjani kwao. Kwanza Wakongo wa karibu, kisha Warundi wa ng'ambo ya barabara, kisha hata wanunuzi wa maharage kutoka Ngarama ambao waliacha magunia yao yakingoja. Apolline alikaa kwenye mkeka. Kalume alikaa kwenye kigoda chake akipukuchua mahindi, maana hakuweza kusikiliza mikono ikiwa mitupu. Yvette alikua katikati ya Jumapili hizo, akiwa kimya kama watoto wote walivyotakiwa kuwa.

Hadithi iliyoombwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke wa chumvi. Mwanamke huyo anatoka bondeni na mzigo wa chumvi kichwani na mbwa wake nyuma, anapanda kurudi kwao mlimani, na kila anachokutana nacho njiani kinamwomba chumvi. Jiwe linamwomba ndipo limpishe. Mti unamwomba ndipo umfunike mvua isiyeyushe mzigo. Mto unamwomba ndipo umvushe. Akigawa kote, atafika kwao mikono mitupu. Akinyima, hafiki kabisa. Apolline aliijua hadithi hiyo tangu utoto wake, na bado hakuisimulia mara mbili kwa namna moja. Na kila mara, mwanamke akishavuka mto, Kalume aliuliza, "Na ule mbwa?" Alikuwa na hamu ya ajabu na mbwa yule. Apolline alimjibu kwa kumtania kwamba mbwa naye ameogelea, amefika, anajikung'uta maji, sasa tunaweza kuendelea? Watu wakaangua kicheko. Ukawa mchezo wao, na watoto waliungoja kuliko hadithi yenyewe.

Mwaka 2012 akatokea Dokta Tumuhairwe. Alikuwa mwalimu wa chuo mjini Mbarara, mama wa Kinyankore mwenye kicheko kikubwa na viatu visivyofaa kwa vumbi la Nakivale. Yeye na wenzake, waandishi na walimu, walikuwa na desturi ya kukutana Jumamosi katika chumba kilicho juu ya duka moja la vitabu vya shule, wakibishana juu ya kumbukumbu ya binadamu. Je, simu ikimkumbukia mtu kila kitu, yeye atabaki na nini kichwani? Je, mtu mwenye mashine ya kuhifadhi hadithi ataendelea kutunga? Walibishana vizuri, na chai walikunywa vizuri zaidi. Mwisho Dokta Tumuhairwe akachoka kubishana juu ya kumbukumbu na watu waliosoma vitabu vilevile, akaona bora akawasikilize wanaobeba mambo kichwani. Ndipo akaelekezwa kwa Apolline.

Alikuja na kinasa sauti kidogo cha kushika kiganjani, pamoja na Byamungu, Mkongo wa palepale Nakivale. Byamungu alikuwa na kibanda karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, ambako watu walichajisha simu na kutiwa nyimbo, na kompyuta aliyoitumia kutengeneza kanda za kwaya za makanisa karibu yote ya kambi. Kabla ya hapo alikuwa mkalimani kwenye mahojiano kwa miaka mingi. Mtu makini, asiye na mzaha, mpole mpaka anakera. Dokta Tumuhairwe akaweka kinasa sauti juu ya mkeka, akamwambia Apolline kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba aongee tu, mashine inashika yote. Apolline akaongea. Kalume akaitikia, akapukuchua, akakohoa, akauliza habari za mbwa. Kuku nao hawakukosa la kusema. Wageni wakanywa uji, wakashukuru, wakaondoka, na hakuna aliyejua kwamba siku hiyo walikuwa wamepewa kitu kikubwa.

Mwaka uliofuata Kalume akafa. Ilikuwa homa, ya siku chache tu, na ingawa kwenye kituo cha afya walimhangaikia kwa moyo wote, mwili ulikuwa umeamua. Apolline hakuachwa peke yake. Warundi walichimba, Wakongo waliimba, mama wa Kinyarwanda asiyemjua hata jina alipika ugali wa waombolezaji tangu asubuhi mpaka jioni na kuondoka bila kuaga. Mpaka leo akikutana na mtu aliyebeba jeneza lile humshika mkono kwa mikono miwili.

Lakini baada ya wageni kutawanyika akagundua kilichompata, na hakumwambia mtu. Alikumbuka vidole vya Kalume. Alikumbuka namna alivyoinama kupita mlangoni na harufu ya shati lake la shambani. Sauti haikuja. Jumapili moja watu walipokusanyika ili kumfariji, alijaribu: akasema maneno machache ya mwanamke wa chumvi, akanyamaza, akamngoja mumewe kichwani kama alivyomngoja mbele ya mhoji. Kimya. Akangoja tena. Watu walimtazama kwa huruma, kila mmoja akiogopa kuitikia, maana nani angekalia kigoda cha marehemu? Akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani. Jumapili zilizofuata hakutoka, na taratibu uwanja ukabaki wa kuku.

Jambo hilo lilimtisha kuliko umaskini na kuliko uzee. Kumzika mtu ni jambo la Mungu, lakini kuipoteza sauti yake aliona ni uzembe wake mwenyewe. Alilima, alipika, alikwenda kanisani, akafunga mdomo. Hadithi zikaanza kumtoroka, moja leo, nyingine kesho, na yeye akaziacha ziende.

Siku moja katikati ya mwaka 2014 Yvette akarudi kutoka kibandani kwa Byamungu akikimbia, naye alikuwa msichana mkubwa asiyekimbia ovyo. Kanda za Dokta, alizoachiwa Byamungu azisafishe, zimekamilika, na Mbarara zilifika tangu kabla ya Pasaka. Sasa Byamungu anakuja mwenyewe kuzileta kwenye memori kadi, na hadithi ya chumvi imo. Apolline aliacha jembe palepale mferejini. Akaoga, akajifunga kitenge cha kanisani, akakaa kwenye mkeka kama anayesubiri mgeni.

Byamungu akaitia kadi kwenye simu ya Yvette. Sauti ikatoka safi ajabu. Hakuna kuku, hakuna upepo, hakuna kikohozi. Mwanamke mmoja alikuwa akisimulia hadithi mfululizo, bila kupumua, kama anayefukuzwa. Apolline alichukua muda kutambua kwamba mwanamke huyo ni yeye. Alingoja "ehe" ya kwanza, haikuja. Akangoja mpaka mtoni. Mwanamke akavuka, hadithi ikasonga mbele, mbwa akabaki nyuma ukingoni. Kisha mwishoni, nyumbani mlimani, mbwa huyohuyo akabweka.

"Papa yako iko fasi gani?" Apolline akamwuliza Yvette kwa sauti ndogo.

Byamungu alikuwa akitabasamu, amekaa mkao wa mtu anayengoja shukrani. Alidhani hajasikia vizuri. Alipoelewa, akaeleza, na alieleza kwa upole wote alionao.

"Nilimutoa, mama. Alikuwa nakuongezea maneno mu kinywa. Kule ku mahojiano bangesema haiko habari yako, mulipanga nyumbani. Nilitaka bajue kama hadithi ni ya weye mwenyewe."

Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa majuma mengi. Kila palipokuwa na sauti ya Kalume aliikata, pamoja na majibu aliyopewa, kisha akaunganisha pande mbili kwa ustadi ambao hakuna sikio lingeweza kuutambua. Miaka yote aliyokaa kwenye meza ya mahojiano alikuwa ameona watu wema wakitiliwa mashaka kwa sababu ya mume au mama aliyechomeka neno. Aliona huyu mama mjane angalau asifanyiwe hivyo. Apolline alimsikiliza mpaka mwisho. Hasira zilimpanda, zikakosa pa kutua, maana utamgombeza vipi mtu aliyekuibia kwa kukulinda?

Alichouliza ni kama kanda ya kwanza, ile yenye kuku, bado ipo. Byamungu alikuwa ameifuta kwenye kompyuta yake ili kupata nafasi ya nyimbo za Pasaka. Akakaa chini kwenye vumbi na kushika kichwa. Labda Dokta, akasema hatimaye. Labda Dokta anayo kule mjini.

Wakaenda Mbarara siku ya Jumamosi, Apolline, Yvette na Byamungu, wakipitia Kaberebere kwenye gari la mchuuzi wa matoke aliyekataa nauli ya Apolline kwa sababu aliwahi kukaa uwanjani kwake akiwa bado kijana. Hata katika siku ile ya mashaka, akamwombea baraka dereva huyo kwa jina. Lakini njia nzima aliwaza jambo moja. Kama kanda haipo, Kalume amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kuchimba kaburi.

Wenye chumba cha juu ya duka walikuwapo wote, chai mezani. Walipoambiwa huyu ndiye mama wa hadithi ya chumvi, wakasimama na kumpigia makofi, naye akazidi kuchanganyikiwa. Ikajulikana kwamba kwa miezi sasa walikuwa wakimjadili mbwa. Mbwa anayebaki ng'ambo ya mto, kisha anabweka nyumbani! Wengine walisema ni roho. Mwandishi mmoja alikuwa ametunga shairi zima. Dokta Tumuhairwe mwenyewe aliandika makala ndefu kwamba mbwa ni kumbukumbu ya mkimbizi, inayofika kwao bila kupita njia yoyote, na makala hiyo ilisifiwa.

Byamungu akasimama, shingo imeinama, akasema mbwa aliogelea. Yeye ndiye aliyekata mahali pake.

Dokta Tumuhairwe akamtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajipangusa macho, na wenzake wakacheka naye, mwenye shairi akiwa wa mwisho. Lakini alipoona uso wa Apolline kicheko kikakatika. Akaja akaketi kando yake, akamwuliza anatafuta nini hasa. Yvette ndiye aliyemjibu. Alisema mama amesahau sauti ya baba.

Apolline alishtuka, hakuwahi kumwambia. Kumbe binti alikuwa akijua muda wote.

Dokta akatoka, akawasha gari lake, akaenda nyumbani kwake ng'ambo ya daraja la mto Rwizi. Kompyuta aliyotumia mwaka ule wa safari ilikuwa imezeeka, naye alikuwa ameitupa stoo na kununua nyingine. Wale waliobaki wakanywa chai bila kubishana, jambo ambalo nadhani halijatokea tena katika chumba kile. Alirudi na ile kompyuta mikononi, imejaa vumbi, akaichomeka ukutani. Ikanguruma. Ikazima. Byamungu akaifungua nyuma, akapuliza vumbi, akabana waya fulani, akaichomeka tena huku midomo yake ikisogea katika sala. Kioo kikawaka. Wakatafuta, wakafungua hiki, wakafunga kile, mpaka Dokta akabonyeza mahali na chumba kikajaa kuku.

Kuku, kisha punje za mahindi zikianguka kwenye beseni. Kisha kikohozi. Kisha Apolline mwenyewe akisema hapo zamani kulikuwa na mwanamke. Kisha, karibu sana, sauti nzito yenye kukwaruza: "Ehe."

Apolline alilia bila kujificha. Yvette alilia, na Byamungu alikwenda kusimama dirishani akatazama barabara. Ilikuwa sauti yake, yote, hata ule mguno wa kooni unaotangulia kabla hajaanza kubisha, na Apolline alimshukuru Mungu, akamshukuru Dokta, akaishukuru mashine ile kuukuu kwa kuipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyetoa maziwa. Alikuwa na furaha iliyouma.

Wakaendelea kusikiliza. Na alipokuwa akisikiliza, akaanza kusikia kitu kingine. Mwanamke wa chumvi amevuka mto. Msemaji anasitasita, anarudia neno, hajui aende wapi. Ndipo Kalume anauliza habari za mbwa. Kumbe hata kabla ya mto msemaji analiruka jiwe kabisa, na Kalume anauliza, kama mtu mzito wa kuelewa, eti lile jiwe lilisema nini tena. Chini ya mti anapotea, na Kalume anabisha kwamba mvua ile haikuwa kubwa, na mvua inamrudia. Kila swali lilikuja pale alipokwama, wala si pengine. Watu walicheka kila mara. Apolline wa kwenye kanda naye alicheka, akamtania mumewe, akaendelea na hadithi bila kujua kwamba alikuwa ameanguka na kuinuliwa.

Akaomba wasimamishe.

"Miaka yote alikuwa nanikumbusha," akasema. "Na alifanya kama yeye njo haelewi."

Mmoja wa waandishi akafungua mdomo ili kulifafanua jambo hilo. Dokta Tumuhairwe akamgusa mkono, naye akaufunga. Kisha Dokta akasema atampa nakala ya kanda nzima, na ile iliyosafishwa ataitupa, na makala yake pia.

Apolline akashukuru, lakini alikuwa na ombi lingine. Akamgeukia Byamungu.

"Weye unajua kukata. Unikate miye, umuache yeye."

Byamungu hakuelewa. Apolline akaeleza tena, polepole. Anataka sauti ya Kalume peke yake, na pale anaposema yeye pawe kimya kirefu vilevile, apate nafasi ya kuingia.

"Miye ningali nasema," akasema. "Yeye hawezi tena."

Hakuna kazi ambayo Byamungu aliwahi kuifanya kwa uangalifu kama hiyo. Aliacha kuku wote, aliacha mahindi, aliacha kila pumzi. Akaileta mwanzoni mwa mwaka 2015 pamoja na spika yake ya kwaya, Jumapili, jua likishapungua. Habari ilikuwa imezagaa mpaka ng'ambo ya barabara na watu walijaa uwanja, wengine wamebeba viti vyao. Wakaiweka spika juu ya kigoda cha Kalume. Apolline akakaa kwenye mkeka, akatazama watu, akaanza.

"Zamani kulikuwa mwanamke mumoja."

"Ehe," ikasema spika.

Uwanja ukasisimka. Mzee mmoja akavua kofia. Apolline akaendelea, akanyamaza, Kalume akaingia mahali pake barabara, na kwa muda fulani ilikuwa kama zamani, wawili wakienda pamoja. Lakini Apolline alikuwa mtu hai. Bonde la chumvi lilikuwa limemkumbusha nyanda za Nakivale, akaongeza vumbi lake. Akaongeza mama asiyejulikana jina anayempikia msafiri chakula na kuondoka. Alipokuwa bado bondeni, mwanamke hata hajainua mzigo, spika ikauliza, "Na ule mbwa?" Mbwa alikuwa palepale miguuni pake. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Apolline naye akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, akajaribu kuharakisha amfikie mumewe. Hakumfikia. Kalume aliendelea kuuliza habari za njia ambayo mkewe hakuwa akipita tena.

Akainuka. Akaweka kiganja juu ya spika na kukiacha hapo kidogo.

"Aksanti, Papa Yvette," akasema. "Ulifanya kazi mingi. Pumzika sasa."

Akaizima, akarudi kwenye mkeka. Mwanamke wa chumvi alikuwa amefika mtoni na mto ulikuwa umemwomba chumvi. Apolline akasema hivyo, kisha akanyamaza. Hakumtafuta mtu kichwani. Alingoja tu, akiogopa. Watu walitazama chini.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Yvette. Alikuwa amesimama mlangoni, na wote wakamgeukia. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa neno kwenye hadithi.

"Na mutoto wake? Alikuwa fasi gani?"

Hadithi ile haikuwa na mtoto. Dada yake Apolline hakuwahi kumwuliza, wala Kalume, wala mtu yeyote. Apolline akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Alikuwa ku mgongo," akasema. "Tangu kule chini mu bonde. Alivuka naye maji, na hakumushusha hata kidogo."

Yvette akaja akaketi chini, kwenye ukingo wa mkeka, macho yamejaa machozi.

"Ehe," akasema. "Kisha?"